Utani wa Wanaprogramu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa kutoka kwa wanafunzi, wazazi wao na wafanyakazi wenzangu jijini Nairobi, ambao mara nyingi husikia watu wa kompyuta wakiangua kicheko juu ya jambo ambalo wao hawaoni linachekesha wapi. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Pale jibu moja linapolitegemea jingine, namba ya swali imetajwa.

## Misingi

1. Utani wa wanaprogramu ni utani wa aina gani?

Ni utani unaozaliwa katika pengo lililopo kati ya kile mtu alichokusudia na kile mashine ilichotekeleza. Binadamu anapozungumza na mwenzake huacha mengi bila kuyasema, kwa kuwa anajua msikilizaji atayajaza mwenyewe. Kompyuta haijazi chochote. Hufuata neno kama lilivyoandikwa, hata neno hilo likiipeleka shimoni, na vichekesho vingi vya fani hii vimechimbwa humo.

Aliyekulia katika Kiswahili ana njia ya mkato ya kulielewa jambo hili, kwa sababu kwetu utani ni uhusiano kabla ya kuwa maneno. Babu na mjukuu huambiana mambo ambayo wengine wakiambiana yangezua ugomvi, na ruhusa hiyo hutokana na ukaribu wao. Ndivyo walivyo waandishi wa programu na wapimaji wanaozikagua kabla hazijafika kwa wateja. Mpimaji humwambia mwandishi, "Makosa yako yamenisomeshea watoto," na mwandishi hacheki kwa dharau. Hucheka kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kesho watakaa tena meza moja.

2. Je, ni lazima nijue kuandika programu ndipo nicheke?

Hapana. Vingi vinahitaji maelezo ya sentensi moja tu. Kuna vichache vinavyohitaji hesabu kidogo (tazama swali la 5 na la 6).

3. Kwa nini makosa ndiyo yanayochekwa zaidi?

Kwa sababu sehemu kubwa ya siku ya mwanaprogramu hupita katika kuyatafuta. Kosa la programu huitwa mdudu (tazama swali la 4), na kuna kichekesho cha zamani ambacho mimi hukisimulia hivi: "Wadudu 99 wamo ndani ya programu, mmoja nimemtoa, sasa wamebaki 127." Anayeandika programu hukitambua kisa hicho kutoka katika maisha yake, maana kurekebisha sehemu moja huvuruga nyingine iliyokuwa ikiitegemea kimyakimya. Namba 127 nayo haikuokotwa njiani. Ndiyo kubwa kuliko zote inayoweza kuhifadhiwa katika biti nane (biti ni nafasi ya 0 au 1) zenye alama ya chanya na hasi, na anayelijua hilo hucheka mara mbili.

4. Kwa nini kosa la programu huitwa mdudu?

Watu wengi husimulia kwamba neno hilo lilianza Septemba 9, 1947, wakati mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walipomkuta nondo amenaswa ndani ya swichi ya umeme namba 70. Walimtoa, wakambandika kwa selotepu katika daftari la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa Marekani hadi leo. Kisa ni cha kweli, na aliyekieneza zaidi ni mwanaprogramu Grace Hopper, ingawa si yeye aliyempata nondo huyo.

Lakini neno ni la kale kuliko hapo. Thomas Edison aliliandika katika barua ya mwaka 1878 akizungumzia dosari za mitambo yake. Kwangu mimi hili linakifanya kisa cha nondo kiwe kitamu zaidi, kwa maana mafundi wale waliandika kando ya nondo kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza mdudu halisi kupatikana. Maneno hayo yana maana kwa sababu tu walikuwa wameshazoea kuita makosa "wadudu". Ukurasa ambao wengi huuchukulia kuwa cheti cha kuzaliwa kwa neno ulikuwa wenyewe ni kichekesho.

## Hesabu, tarehe na saa

5. Nini maana ya kusema duniani kuna aina 10 za watu?

Kichekesho husema: "Kuna aina 10 za watu: wanaoelewa hesabu ya kompyuta na wasioielewa." Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili pekee, 0 na 1, na katika hesabu hiyo "10" husomwa mbili.

6. Nimesikia kwamba wanaprogramu huchanganya Sikukuu ya Jamhuri na Siku ya Nyerere. Kivipi?

Kichekesho kinachojulikana kote duniani husema kwamba wanaprogramu hawatofautishi Oktoba 31, siku ambayo Wamarekani huvaa vinyago, na Krismasi, kwa sababu 31 katika mfumo wa nane ni sawa na 25 katika mfumo wa kumi. Mfumo wa nane huitwa okta na wa kumi huitwa desimali, kwa hiyo "Okt 31" ni "Des 25". Hesabu yake ni rahisi: nane mara tatu ni ishirini na nne, ongeza moja.

Hapa Nairobi kichekesho hicho hakina uzito, kwa kuwa wengi wetu hatusherehekei siku ile ya vinyago. Tunacho chetu kilicho bora. Siku ya Jamhuri ya Kenya ni Desemba 12, na Watanzania humkumbuka Mwalimu Nyerere Oktoba 14, tarehe aliyofariki mwaka 1999. Nane mara moja, ongeza nne, ni kumi na mbili. Basi Okt 14 ni Des 12. Nilipokiandika ubaoni kwa mara ya kwanza mbele ya darasa lenye Wakenya na Watanzania, wanafunzi walikipigia hesabu mara tatu kabla ya kukubali. Ajabu ni kwamba kinakaa vizuri hata katika Kiswahili, ambamo Okt na okta, Des na desimali, zimeandikwa kwa herufi zilezile.

7. Kwa nini saa ya Kiswahili hutajwa sana katika vichekesho vya Nairobi?

Kwa sababu saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza, ilhali saa ya kompyuta huanza usiku wa manane, na tofauti ya saa sita huleta visa vya kila aina. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa programu ya simu huambiwa kikao ni saa mbili. Hufika ofisini saa nane kasoro dakika kumi mchana, akifurahi kwamba amewahi, na kikao kilikwisha asubuhi.

Ningependa ieleweke kwamba saa yetu haina kasoro. Nairobi ipo karibu sana na ikweta, jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, na kuanza hesabu alfajiri ni jambo la busara mahali kama hapa. Wanaostahili kuchekwa ni wale wa nchi zinazosogeza mishale ya saa mbele na nyuma kila mwaka, na ambao wanaprogramu wao hupoteza siku nzima wakirekebisha ratiba. Hata hivyo, nasi tuna ya kwetu ya zamani: orodha ya saa za dunia inayotumiwa na kompyuta huonyesha kwamba kuanzia mwaka 1937 hadi katikati ya mwaka 1942 Nairobi iliitangulia saa ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Mwanaprogramu anayeandika mfumo wa kumbukumbu za zamani asipolijua hilo, atamfanya bibi wa mtu azaliwe robo saa kabla ya wakati wake.

8. Kuna utani gani kuhusu mwaka 2038?

Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Mifumo ya zamani iliyohifadhi hesabu hiyo kwa biti 32 itajaa Januari 19, 2038, ambapo kwa saa za Nairobi itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Sekunde itakayofuata, hesabu itageuka kuwa hasi na mashine zitaamini kwamba ni Desemba 1901, mwezi ambao reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Utani wenyewe ni wa kila mtu kutangaza kwamba ameshaomba likizo ya wiki hiyo.

## Lugha

9. Kichekesho cha unga na mayai hufanyaje kazi?

Mama alimwagiza mwanawe, ambaye ni mwanaprogramu: "Nenda dukani uniletee pakiti moja ya unga, ukikuta mayai, lete sita." Kijana akarudi na pakiti sita za unga. Mama alipouliza unga wote huo ni wa nini, kijana akajibu, "Nimekuta mayai, mama."

Kisa hiki husimuliwa katika lugha nyingi kwa maziwa au mkate, lakini katika Kiswahili kina siri ambayo huko haipo. Kinafaulu kwa sababu ya namba sita. Sita, saba, tisa na kumi hazichukui viambishi vya ngeli, kwa hiyo anayesikia "lete sita" hawezi kujua kama ni pakiti au ni mayai. Mama angetaka matano, angesema "lete matano", na mwanawe asingekuwa na kisingizio, kwani pakiti ni tano na mayai ni matano. Vivyo hivyo angetaka manane. Ngeli ingelinda maana ambayo namba peke yake imeiacha wazi.

Hapo ndipo mtu anapoona jinsi Kiswahili kinavyofanana na lugha za kuandikia programu. Baadhi ya lugha hizo hudai kila kitu kitajwe aina yake, na hukataa kuendelea ukichanganya aina. Anayesema "kitabu mzuri" amefanya kosa la namna hiyohiyo, na sikio la Mswahili hulikamata papo hapo, kama kompyuta inavyolikamata lake. Wanafunzi wangu waliolalamikia ngeli shuleni hushangaa wanapogundua kwamba ziliwatayarisha kwa kazi hii.

10. "Kichekesho cha UDP" ni kipi?

Kompyuta mbili zinapotaka kuzungumza kwa itifaki (yaani kanuni za mawasiliano) ya TCP, hubisha hodi kwanza: moja huomba, ya pili hukubali, ya kwanza huthibitisha, ndipo mazungumzo huanza. Itifaki ya UDP haibishi hodi. Hutupa ujumbe na kwenda zake. Kichekesho ni hiki: "Ningekusimulia kichekesho cha UDP, lakini sijui kama kitakufikia."

Mtu yeyote aliyekaa na bibi jioni ameshaijua TCP. Mtegaji husema "Kitendawili!", wasikilizaji hujibu "Tega!", naye hategi kabla ya kusikia jibu hilo. Wakishindwa, mtegaji huomba mji, hupewa Mombasa au Lamu, na huenda huko kwanza ndipo awafumbulie. Ninacho kimoja cha kutumia darasani: "Ninaye mtumishi asiyechoka, nisipomwambia aache, hataacha milele." Jibu ni mzunguko usio na kikomo, kosa ambalo kila mwanafunzi hulifanya katika mwezi wake wa kwanza.

11. Kujirejelea ni nini?

Ni programu kujiita yenyewe ili kukamilisha kazi yake. Kichekesho chake cha kawaida ni jibu hili: "Ili kuelewa kujirejelea, tazama swali la 11."

Nairobi tuna kingine kilichotokana na M-Pesa, ambayo ilianza Machi 2007. Mtu akiomba atumiwe shilingi 1,000 "na ya kutoa", yaani pamoja na ada ya kuzitoa kwa wakala, mwanaprogramu huuliza: "Na ya kutoa hiyo ya kutoa?" Swali hilo lingeendelea bila mwisho kama ada ingetozwa juu ya kila kilichotumwa. Kwa bahati hutozwa kulingana na kiasi kinachotolewa, kwa hiyo mnyororo hukatika katika hatua ya kwanza, na kila mzunguko wa kujirejelea unahitaji mahali pa kukatikia kama hapo.

## Mitambo ya kujiendesha

12. Kwa nini wanaprogramu hujisifu kuwa wavivu?

Larry Wall, aliyeunda lugha ya Perl, alitaja sifa tatu za mwanaprogramu hodari: uvivu, kukosa subira na majivuno. Uvivu anaousema ni ule wa mtu anayekubali kutaabika leo ili asirudie kazi ileile kesho.

Utani huja pale hesabu inapokataa. Kazi ya dakika tano kila wiki huchukua saa nne na dakika ishirini kwa mwaka mzima, na wapo wanaotumia siku nne kuiandikia programu itakayoifanya. Nami nimefanya hivyo, na sijuti, kwa kuwa siku nne hizo zilinifundisha mengi kuliko kazi yenyewe. Lakini bosi anayeuliza muda umekwenda wapi ana haki ya kuuliza.

13. "Deni la programu" ni utani au ni jambo la kweli?

Ni jambo la kweli. Mwaka 1992 mwanaprogramu Ward Cunningham alilinganisha kazi iliyofanywa harakaharaka na mkopo, kwamba unapata fedha leo na riba inaanza kuhesabiwa. Waswahili walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na sidhani kuna yeyote aliyelisema vizuri zaidi. Utani wa ofisini ni kumwambia mwenzako kwamba deni lake limefika mahali pa kutumiwa ujumbe wa kukumbushwa, jambo ambalo kila aliyewahi kukopa kwa simu hulielewa bila maelezo.

14. Mbona watu husema ndani ya kila mashine yenye akili mna mtu?

Mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen alionyesha mjini Vienna sanamu ya Mturuki iliyocheza sataranji na kuwashinda watu. Ilizunguka Ulaya na Marekani kwa miongo mingi, na siri yake ilikuwa mchezaji hodari aliyejificha ndani ya sanduku. Mwaka 2005 kampuni ya Amazon ilichukua jina la sanamu hiyo kwa huduma yake ya kugawa kazi ndogondogo kwa watu kupitia mtandao, kazi ambazo anayezipokea zikiwa tayari anaweza kudhani zimefanywa na kompyuta.

Hapa Nairobi kichekesho hiki kina uso wa jirani. Vijana wengi wa mji huu huketi mbele ya skrini wakiweka lebo kwenye picha na maandishi ili akili unde ijifunze kutofautisha gari na mtu, au tusi na salamu. Wenyewe husema: "Roboti huyo mnayemsifu hupanda matatu saa kumi na mbili jioni kurudi nyumbani." Mimi hucheka nao, kisha huomba anayesikia abaki na maana yake. Baadhi yao husoma maandishi ya kutisha siku nzima ili sisi tusiyaone, na malipo yao hayalingani na sifa zinazomiminiwa mashine. Hata neno roboti, lililoenea kutokana na mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek wa mwaka 1920, limetokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kulazimishwa.

15. Matatu ina uhusiano gani na kompyuta?

Haiondoki kituoni hadi ijae. Kompyuta pia hukusanya data mahali pamoja na kuzipeleka kwa mkupuo, na mwalimu wa Nairobi hahitaji mfano mwingine. Nauli nayo ilipanda mvua iliponyesha miaka mingi kabla ya programu za teksi kufanya hivyo kwa hesabu zao.

## Michezo, filamu na desturi za mtandaoni

16. Je, lugha ya Python imeitwa kwa jina la chatu?

Hapana. Guido van Rossum, aliyeitoa mwaka 1991, aliichukulia jina kutoka kwa kipindi cha vichekesho cha Uingereza, Monty Python's Flying Circus. Nembo yake ina nyoka, kwa hiyo aliyedhani ni chatu asilaumiwe.

17. Kwa nini programu dhaifu hulinganishwa na Jenga?

Jenga ni neno letu. Leslie Scott, aliyezaliwa Tanganyika, aliuleta mchezo huo sokoni London mwaka 1983 akiwa ameupa jina la Kiswahili: wachezaji huchomoa vipande vya mbao kimoja kimoja hadi mnara uanguke. Programu za leo hujengwa kwa vipande vilivyoandikwa na watu wasiojuana, na kila mmoja huegemea cha mwenzake.

Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa mtandaoni kipande chake kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu, ambacho kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Maelfu ya miradi duniani ilishindwa kujengwa hadi kiliporejeshwa siku hiyohiyo. Picha ya mnara unaofanana na wa Jenga husambazwa mara nyingi mfumo mkubwa unapoanguka, na ni wachache kati ya wanaoisambaza wanaojua kwamba neno lenyewe ni amri ya kujenga.

18. Ni kweli kwamba njiwa waliwahi kubeba data za intaneti?

Ni kweli. Aprili 1, 1990 ulichapishwa waraka namba 1149 katika mfululizo wa RFC, nyaraka zinazoeleza kanuni za intaneti, nao ulieleza kwa lugha rasmi kabisa namna ya kusafirisha data kwa ndege kama njiwa. Mwaka 2001 kundi la wapenzi wa mfumo wa kompyuta wa Linux mjini Bergen, Norway, liliujaribu: ujumbe tisa ulitumwa, majibu manne yakarudi.

Ndugu yake ni waraka namba 2324 wa Aprili 1, 1998, unaohusu kuamuru mashine za kahawa kupitia mtandao. Birika la chai likiamriwa kupika kahawa, linatakiwa kujibu kwa namba 418, yaani "mimi ni birika la chai". Mwaka 2017 ilipopendekezwa namba hiyo ifutwe katika baadhi ya programu, watu walipinga, na imehifadhiwa hadi leo isipewe kazi nyingine. Katika nchi inayolima chai kama yetu, ningependa ibaki.

## Hali za pekee

19. Inafaa kuweka utani katika ujumbe wa kosa anaousoma mteja?

Pale ambapo mtu anatafuta picha au wimbo, hakuna ubaya. Pale penye fedha, afya au mtihani, usiweke. Katika kampuni moja niliyofanyia kazi, niliandika ujumbe wa majaribio uliosema kwamba mbuzi wamekula pesa, nikausahau ndani ya programu, na ukamfikia mama mmoja ambaye muamala wake wa karo ulikuwa umekwama. Alipiga simu akilia. Tangu siku hiyo ujumbe wangu wote wa majaribio husema "Huu ni ujumbe wa majaribio", na hivyo ndivyo ninavyowafundisha wengine.

20. Kwa nini rafiki yangu hukasirika nikimwomba anitengenezee printa?

Kwa sababu ni kama kumwomba mtunzi wa taarab akutengenezee redio. Mwombe kwa upole, na umkaribishe chai.

21. Je, akili unde inaweza kutunga vichekesho vya kompyuta kwa Kiswahili?

Hutunga, lakini nilivyoona hadi sasa, vingi ni tafsiri. Nimeiomba mara kadhaa kisa cha kijana aliyetumwa dukani (swali la 9), na mara nyingi huandika "lete mayai sita", maneno yanayokiua kichekesho kabla hakijazaliwa, kwa kuwa yanataja wazi kinachotakiwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliisahihisha, akafuta neno mayai, akakisoma kwa sauti darasani, na watu wakacheka. Kisha msichana aliyeketi nyuma akauliza ingekuwaje kama mama angetaka manane, na kipindi chote kilichobaki tulijadili ngeli.